Chimbeni Kidimbwi, Lakini Mkichunge

Ndugu mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wajumbe, wazee wetu, mama zangu, na nyie vijana mliojibanza kule nyuma kivulini: asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Na ambao sijawagusa, habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme juu ya vidimbwi vya uani. Si bwawa la kufugia samaki wa kuuza, hilo lina wataalamu wake na hesabu zake. Nasema juu ya kidimbwi kidogo nyuma ya nyumba, kinachochimbwa ili viumbe wa porini waje wenyewe bila kualikwa: vyura, kereng'ende, ndege wa kuoga asubuhi, popo wa kunywa usiku. Naona bwana afya wetu ameshanikazia macho. Ana haki. Mimi nimestaafu kazi hiyohiyo, na miaka yote nilikuwa nikipiga hodi kwenye nyua za watu kuwaambia wafukie madimbwi. Leo nakuja kuwaambia wachimbe. Basi nianze na mbu, maana nisipoanza naye hayo mengine hamtayasikia.

Mbu si mmoja. Yule anayewapigia kelele masikioni usiku hapa Dar es Salaam, mara nyingi ni Culex, anayezaliana kwenye maji machafu: karo, chemba iliyopasuka, mfereji uliozibwa na mifuko. Huyo ndiye msambazaji wa matende na mabusha katika miji ya pwani. Yule mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, ni Aedes, aliyetuletea homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Huyo anataka chombo: pipa lisilofunikwa, tairi bovu, sahani chini ya chungu cha maua, hata kifuu cha nazi. Wengi mnaogopa kidimbwi cha jirani huku mapipa matatu yako wazi nyuma ya jiko lenu.

Wa malaria ni Anopheles, na hapo ndipo panapotaka ukweli. Anopheles gambiae anapenda vimaji vidogo vya muda vilivyopigwa na jua: alama za kwato za ng'ombe, shimo la tairi la lori kwenye barabara ya vumbi, shimo alilochimba fundi akaondoka akaliacha wazi. Kwenye maji ya kudumu yenye wadudu wa kumla, hastawi sana. Lakini yuko ndugu yake, Anopheles funestus, ambaye anataka hasa maji ya kudumu yenye majani pembeni. Yaani anataka kidimbwi chako. Atakayekwambia kuwa kidimbwi chenye vyura hakiwezi kuzaa mbu, mwambie alale nje bila chandarua.

Nataka mwondoke na jambo moja hapa leo. Kidimbwi chenye uhai na kinachotazamwa kila wiki si adui wa mtaa. Kidimbwi kilichosahauliwa ni adui, na huyo bwana afya na wenzake walio kazini watakuja kumfukia.

Sasa, kutazamwa maana yake nini? Chukua bakuli jeupe. Si la bluu, si la kijani, jeupe. Nenda asubuhi, usipige kivuli chako juu ya maji, maana viluwiluwi wa mbu wakiona kivuli wanazama. Chota pembeni, kwenye majani, ambako maji hayachezi. Chota mahali pengi. Kisha tulia, tazama ndani ya bakuli. Ukiona kiluwiluwi ananing'inia kichwa chini, mkia umegusa uso wa maji, huyo ni Culex au Aedes: anapumua kwa mrija ulioko mkiani. Ukiona amelala, mwili wote umenyooka sambamba na uso wa maji, huyo ni Anopheles. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuwatofautisha, nimeshawafundisha wengi. Kwa joto letu la pwani, yai la mbu linafika kuwa mbu anayeruka ndani ya wiki moja mpaka mbili. Ndiyo maana nasema kila wiki. Ukichota kila Jumamosi, hakuna atakayekutoroka.

Ukiwakuta, usimwage mafuta ya taa. Mafuta yanaua kila anayekuja juu kuvuta pumzi, wakiwemo wale wanaokusaidia. Ipo dawa ya kibaiolojia inayotokana na bakteria wanaoitwa Bti. Inaua viluwiluwi wa mbu, lakini haimdhuru chura wala samaki. Kile kiwanda cha Kibaha, kilichojengwa kwa ushirikiano na Wakuba, kinatengeneza dawa za aina hiyo. Ulizeni kwa bwana afya, yuko hapa. (Bwana afya anatikisa kichwa kukubali. Mmeona? Tumeanza kuelewana.)

Wengi mnadhani chura ndiye anayemaliza mbu. Chura anakula anachokiona kikitembea, hasa mchwa, mende na kumbikumbi. Mbu kwake ni chakula kidogo mno. Na watoto wake, wale weusi wenye mikia, kazi yao kubwa ni kukwangua utando wa kijani kwenye mawe. Chura namtetea kwa sababu nyingine, nitafika. Mwenye kazi ya mbu ni kereng'ende.

Kereng'ende mnayemwona akiruka ameishi maisha yake mengi chini ya maji, akiwa na sura msiyoidhania: kidubwana cha rangi ya tope, hakina mabawa yaliyofunguka, kimekaa kimya kwenye shina la jani. Kiluwiluwi wa mbu akipita karibu, mdomo wa chini wa kereng'ende, ambao ulikuwa umekunjwa chini ya uso, unachomoka mbele na kudaka kama mkono wa mgeni mwenye njaa kwenye sinia la pilau. Ni kufumba na kufumbua. Wako na wenzake: mdudu anayeogelea chali, mbawakawa wa majini. Hao ndio askari wako, na hawahitaji mshahara, wanahitaji tu maji yasiyo na sumu na shina la kupandia juu siku ya kutoka.

Nikiwa kwa kereng'ende, niruhusuni nitoke nje ya mada kidogo. Iko aina moja ya rangi ya manjano ya dhahabu, Pantala flavescens, mnayoiona makundi kwa makundi mvua za vuli zinapokuja. Mwaka 2009 mtaalamu wa viumbe wa baharini aliyekuwa akiishi Maldives, Charles Anderson, aliandika kwamba kereng'ende hawa wanaonekana kutoka India, wakapita Maldives mwezi Oktoba, wakafika Shelisheli, halafu pwani yetu. Maldives hakuna maji baridi ya kutosha wao kuzaliana, kwa hiyo alijiuliza wanatoka wapi na wanakwenda wapi. Safari nzima, kwenda na kurudi, aliikadiria kilomita 14,000 hadi 18,000, ikifanywa na vizazi vinne vinavyopokezana. Wanapanda upepo uleule wa kaskazi uliokuwa ukileta majahazi. Wakifika wanatafuta maji ya mvua yaliyotuama ili watage. Mimi nikiwaona juu ya kidimbwi changu huwa nasimama tu. Hayo si ya afya ya jamii, hayo ni ya moyo.

Turudi kwenye jembe.

Mahali kwanza. Usichimbe chini ya mwembe wala mwarobaini, majani yatakujazia tope kabla ya mwaka kwisha. Usichimbe kwenye jua la kutwa pia, maji yatachemka na kugeuka kijani. Kivuli cha mchana kidogo, jua la asubuhi, hapo ndipo. Kaa mbali na karo kadiri kiwanja kinavyoruhusu, na kaa upande wa juu yake, si wa chini. Na kama uwanja wako maji ya masika yanapita, usichimbe kwenye njia ya maji. Tunakumbuka mafuriko ya Desemba 2011 na watu wa bonde la Msimbazi waliohamishiwa Mabwepande. Maji yana njia yao, hayakuombi ruhusa.

Ukubwa: mita 3 kwa 2 zinatosha kabisa. Katikati sentimita 70. Kosa la mafundi wengi ni kuchimba kuta zilizosimama kama za tangi. Kidimbwi cha viumbe kinataka ngazi: kingo pana yenye kina cha sentimita 10, ya pili ya 30, kisha katikati. Na upande mmoja uwe mteremko mlaini kabisa, wa mawe na mchanga, unaoingia majini polepole. Hapo ndipo tetere atasimama anywe, mnana aoge. Na hapo kalunguyeye aliyetumbukia usiku atapata pa kutokea. Kuta zikisimama, asubuhi utaokota maiti.

Hakikisha kingo zote ziko levo moja. Mafundi ujenzi mnajua mpira wa maji: unajaza maji mpira unaoonesha, ncha mbili zinasoma sawa. Usipopima, maji yatalalia upande mmoja, na upande wa pili utatazama turubai tupu maisha yako yote.

Kuhusu kuzuia maji yasinywewe, huku kwetu kwenye mchanga hakuna njia ya mkato. Wenye udongo wa mfinyanzi, wa kule Pugu na kwingineko, wanaweza kuusindilia kwa miguu tabaka juu ya tabaka ukashika. Sisi wa mchanga tunatandika turubai la bwawa, lile zito la wafugaji wa samaki. Hesabu yake ni rahisi: urefu wa kidimbwi, jumlisha kina mara mbili, jumlisha sentimita 30 za kukunja kila upande. Kwa mita 3 kwa 2 zenye kina cha 70 unapata turubai la mita 5 kwa 4. Chini yake weka mchanga laini na zulia kuukuu au magunia, maana mzizi mmoja au kokoto moja ikilitoboa umepoteza fedha. Wanaotaka saruji, sawa, lakini saruji mpya inatoa chokaa. Jaza, mwaga, jaza tena mara kadhaa kabla hujaweka kiumbe chochote.

Maji yatoke mbinguni. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 25, hiyo moja tu, linashusha lita 2,500. Kidimbwi nilichokieleza, ukitoa zile ngazi, kinachukua kama lita 2,400. Yaani mvua moja nzuri ya masika kupitia gata inakijaza mpaka kifurike. Maji ya bomba yana klorini: ukilazimika kuyatumia, yaache kwenye ndoo wazi siku mbili tatu kwanza. Na maji ya visima vingi vya hapa pwani yana chumvi, onja kabla hujamwaga. Weka pia mahali pa kutokea maji ya ziada, mfereji mdogo unaokwenda kwenye migomba. Migomba itakushukuru.

Sasa mama mmoja ameniuliza kabla sijapanda hapa: na watoto? Mama, swali lako ndilo lililotakiwa liwe la kwanza. Mtoto mdogo anazama kwenye maji ya sentimita chache tu, na anazama bila kelele. Mwenye mtoto chini ya miaka mitano ndani ya nyumba, au wajukuu wanaokuja likizo, asichimbe mpaka awe na uzio wenye kipande cha mlango kinachofungwa, au wavu wa nondo uliolazwa sentimita chache chini ya uso wa maji, unaobeba uzito wa mtoto. Mimea itapenya kwenye matundu, vyura watapita. Mchomeleaji yeyote wa mtaani anautengeneza. Hapo sitaki mjadala. Bila wavu au uzio, bora uweke beseni la ndege juu ya nguzo uishie hapo.

Mimea. Yungiyungi wa kwetu, yule wa bluu anayeota kwenye mabwawa ya pwani, anatosha kufunika juu. Lengo ni nusu ya uso wa maji iwe na kivuli cha majani, si zaidi ya theluthi mbili. Pembeni panda mafunjo kidogo kwenye ndoo iliyotobolewa, maana ukiyaachia huru yatachukua kiwanja chote. Ila gugu maji, lile lenye ua zuri la zambarau, usiliguse hata ukipewa bure. Lilitoka Amerika ya Kusini, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wavuvi wa Ziwa Victoria wanalijua machungu yake.

Na kila mmea unaoutoa kwenye bwawa la mtu au mtoni, uoshe. Geuza majani, tazama chini yake: yale mayai ya konokono yanayofanana na ute uliogandamana, yafute. Konokono wa jamii ya Bulinus ndio wanaobeba kichocho cha mkojo, Unguja na Pemba wamepambana nao miaka na miaka. Ili kichocho hicho kiingie kwenye kidimbwi chako vinahitajika vitu viwili: konokono huyo, na mkojo wa mtu mwenye ugonjwa. Cha kwanza unakizuia kwa kuosha mimea. Cha pili unakizuia kwa kuwaambia vijana wako ukweli, tena mbele ya watu kama ninavyofanya sasa. (Kicheko kule nyuma. Wanajijua.)

Samaki? Nimeulizwa hili kila ninapokwenda. Sato anakula viluwiluwi wa mbu, ni kweli kabisa. Kule Kisii, magharibi mwa Kenya, watafiti walirudisha sato kwenye mabwawa yaliyotelekezwa, na baada ya wiki 15 viluwiluwi wa Anopheles walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 94. Kwa hiyo mwenye bwawa kubwa lililoachwa, sato ni jibu. Lakini kwenye kidimbwi cha mita 3 kwa 2, sato atang'oa mimea, atachafua maji, atakula mayai ya vyura na watoto wa kereng'ende. Inabidi uchague: samaki au vyura. Mimi nachagua vyura, na kazi ya mbu nawaachia wadudu na bakuli langu. Kambale usimlete kabisa. Bata pia, jamani. Bata wawili wanamaliza kidimbwi kwa mwezi, na mavi yao yanageuza maji kuwa supu.

Niliahidi kumtetea chura. Iko aina moja hapa pwani, mwembamba, vidole vyenye vigundishi, mchana unamkuta amebandika ukutani bafuni amegeuka karibu mweupe. Wengi mnamfukuza kwa fagio. Mvua zikianza, jike anapanda kwenye tawi lililoinama juu ya maji, anatoa ute, anaupiga kwa miguu ya nyuma huku madume yakimsaidia, mpaka linatokea povu jeupe lenye upana wa kiganja. Ndani ya povu ndimo mayai yalimo. Nje linakauka na kuwa gumu, ndani linabaki na unyevu, nyoka wa majini na wadudu hawayafikii. Baada ya siku chache povu linalegea kwa chini, na watoto wanadondoka mmoja mmoja majini. Ukiwa na tawi moja la mpera lililoinama juu ya kidimbwi, na usilikate, kuna uwezekano mkubwa ukayaona haya ukiwa umeketi kwenye kigoda chako. Huna haja ya kulipa kiingilio Udzungwa.

Nyoka, ndiyo. Penye chura nyoka anaweza kuja, sitawadanganya. Lakini nyoka wengi wanaoingia kwenye nyua wamefuata panya, na panya wamefuata jalala na pumba za kuku. Fyekeni majani kuzunguka kidimbwi upana wa hatua tatu, mawe ya mapambo yasirundikwe ovyo yakaacha mapango, na usiku tembeeni na tochi. Kenge naye atapita siku moja, atawatisha, ataiba yai la kuku, ataondoka. Msimpige.

Matunzo baada ya hapo si mengi. Januari na Februari jua linakausha kama milimita 5 kwa siku, ambazo kwa kidimbwi hiki ni lita 30, ndoo na nusu. Ongezeni kidogokidogo, jioni. Maji yakigeuka kijani msiyamwage yote, mkimwaga mnaanza upya na utando utarudi na nguvu mpya: ongezeni mimea, punguzeni jua, na tafuteni mbolea inatoka wapi, mara nyingi ni maji ya kufulia yanayochirizika. Tope likizidi, toeni nusu ya kidimbwi tu, mwisho wa kiangazi kabla ya vuli, na lile tope liachwe kingoni usiku mmoja ili waliomo warudi majini wenyewe. Nusu ya pili ni mwaka unaofuata.

Na mkisafiri mwezi mzima, mwachieni mtu lile bakuli jeupe. Kama hakuna wa kumwachia, leteni jina lenu kwa mjumbe, wale vijana wa darasa la nne niliowafundisha wanapita nyumba kwa nyumba kila Jumamosi, na wanajua kuliko baadhi yetu.

Mwenyekiti ananionesha saa. Mizizi ya yungiyungi ninayo, imeshaoshwa, iko kwenye yale madebe mawili pale mlangoni. Kila kaya mzizi mmoja, na wa kwanza wapewe wale waliokwisha kuweka wavu.